Salamu za Restuta

Saa nne asubuhi, katika ofisi ya utafiti huko Kizota, spika iliyochomolewa kwenye umeme ilikohoa.

Octavian, mtunza data, alikitambua kikohozi. Kilikuwa cha Restuta, mama wa kijiji cha Haneti aliyewasimulia watafiti anavyoishi na virusi vya UKIMWI, kwa ahadi kwamba hatajulikana. Majina waliyakata kwenye rekodi yake. Salamu waliziacha, na salamu za Kigogo haziishi upesi: yeye na mhoji waliulizana habari za mume, za mapacha, za ng'ombe mwenye pembe moja. Wadau wa utafiti wakagawiwa rekodi. Mmoja akairusha kwenye makundi ya simu. Haneti nzima ikajua ni nani. Mume akamfukuza. Miezi miwili baadaye akazikwa.

Leo saa sita, Dakta Bartolomayo, mkuu wa utafiti, angetuma rekodi za wanawake arobaini waliobaki.

"Nipe wiki moja, Dakta," Octavian alisema kwa sauti ya chini. "Nizitoe salamu zote."

"Wewe nawe. Nani ana muda wa kusikiliza habari za ng'ombe?"

"Walimsikiliza Restuta."

"Alikufa kwa ugonjwa wake, kaka. Usinitwishe maiti."

Octavian aligeukia kompyuta yake.

Ndipo harufu ya maziwa ya kibuyu yaliyofukizwa moshi ikaingia, madirisha yakiwa yamefungwa, ikapanda taratibu kutoka sakafuni, ikawafika magotini, kifuani, puani, na ndani yake sauti ya Restuta, bila haraka, ikaanza kusimulia habari za mtu mmoja wa Nkuhungu, baba wa mabinti watatu, mwenye geti la kijani, ambaye kila jioni humeza vidonge ndani ya gari kabla ya kushuka, mkewe asijue.

Vidole vya wafanyakazi wote vikasimama juu ya kibodi. Evodia, katibu muhtasi, akamtazama mkuu wake, kisha akainamisha macho.

"Octavian, izime."

"Haina umeme, Dakta."

"Basi hatutumi. Futa kila kitu. Mwambie anyamaze."

"Nani amwambie? Tulimzika."

Sauti ikakatika. Dakta akashusha pumzi, akajipangusa jasho. Simu yake ikaita. Kwa haraka ya kuipokea, akagusa kimakosa kitufe cha sauti kubwa, na ofisi nzima ikamsikia mkewe.

"Baba Zipora," alinong'ona, "kuna mama ananisalimia hapa jikoni. Simwoni. Anaulizia vidonge vyako."