Chupa ya Kileleni

Asubuhi ile haikuwa na kasoro yoyote. Kindi aliamka, akanawa uso, akanywa chai yake akiwa amesimama mlangoni, huku wifi yake akimtania kwamba mtu anayekula wima hanenepi hata alishwe siagi. Kaka yake alikuwa nje, anazikagua kamba kwa kuzipitisha mikononi taratibu, akitafuta palipochubuka. Baadaye wakabeba chupa zao, wakaingia msituni kama siku nyingine zote.

Jina la Kindi alipewa kazini, na lilimkaa. Kazi yenyewe ilikuwa ya wadudu. Kituo cha utafiti kilitaka kujua wadudu gani wanaishi kimo gani cha mti, kuanzia kwenye majani yaliyooza hadi kileleni kwenye jua. Ikachaguliwa miti mirefu, na kwenye kila mti zikatundikwa chupa za mitego, moja juu ya nyingine, kwenye kamba nyembamba inayopita kwenye kapi lililofungwa juu kabisa. Mtu wa chini aliweza kuzishusha na kuzipandisha bila kuukanyaga mti. Kupanda kulikuja pale tu kamba ilipokwama, na hapo ndipo alipohitajika Kindi.

Mtaalamu wa kituo, mama mmoja mpole, alikuwa anapenda kuwaambia kwamba msitu ni jengo la ghorofa. Siafu na mchwa wamepanga chini kabisa. Ghorofa ya kati ina vipepeo wa kahawia na mbu wasiojua adabu. Juu wanaishi nyuki, nyenze na mbawakawa wa kijani wanaong'aa, ambao kwa maringo yao hawashuki hata kuazima chumvi. Kila kundi lilikuwa na chambo chake. Ukitaka nzi unaweka samaki aliyeoza, ukitaka vipepeo unaweka ndizi iliyochacha.

Watu wa kamba walikuwa na desturi yao. Anayepanda, kila anapofika kwenye chupa, anaita: "Nipo!" Aliye chini, ncha ya pili ya kamba kubwa ya mpandaji, iliyopitishwa juu ya tawi la kileleni, ikiwa imefungwa kiunoni mwake, anajibu: "Nakushika!" Halafu lilikuwapo sharti moja ambalo hakuna aliyelifanyia mzaha, hata walevi. Usimjibu mtu ambaye hukumfunga kamba kwa mikono yako mwenyewe. Ukishamwambia mtu unamshika, basi ni wako, na wewe ni wake.

Zamani kaka yake Kindi ndiye aliyekuwa anashika kamba ya rafiki yake, jamaa mmoja mrefu waliyemwita Ngazi. Siku moja nyuki waliwavamia. Ngazi alikuwa kileleni, akaita, akaita tena. Watu walipokuja kumtafuta hawakuona mwili wala kiatu. Kaka mtu aliapa kwamba hakukimbia, kwamba alijibu mpaka sauti ikamkauka. Kindi alimwamini. Angemwamini nani kama si yeye? Ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, ndiye aliyemsuka nywele kwa vidole vyake vigumu, vibaya kupita kiasi, ili tu asiende shule kichwa timtim.

Tangu Ngazi apotee, kaka hakupanda tena mti. Alikonda. Wakati mwingine, katikati ya chakula, aliacha kutafuna na kuinua uso kuelekea darini, akasikiliza.

Asubuhi hiyo walipofika kwenye mti mkubwa, kaka aliivuta kamba ya chupa mara mbili tatu, akatikisa kichwa.

"Chupa ya juu imekwama, mdogo wangu. Utanipandia?"

"Nikupandie mara ngapi? Hesabu yako inakua," Kindi alimtania.

Kaka hakucheka. Kindi akamfunga ncha ya pili ya kamba kubwa kiunoni; naye akamfunga Kindi, akalikaza fundo, akalikagua. Kisha akamshika mabega na kumwangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayemuaga msafiri.

"Samahani kwa usumbufu," alisema.

Kindi aliona ni maneno ya ajabu kwa ndugu, lakini alipanda.

Kwenye chupa ya kwanza aliwakuta mende wa majani makavu na nzi wamelewa samaki. "Nipo!" aliita. "Nakushika!" kaka akajibu. Kwenye chupa ya kati vipepeo walikuwa wanapapatika juu ya ndizi. "Nipo!" Jibu lilikuja, ila safari hii lilikuwa la chini, la mtu anayeongea na kifua chake. "Nakushika."

Akaendelea. Nyenze walikuwa wanapiga kelele za kupasua masikio, kelele ambazo mtu akizizoea hazisikii tena. Ndiyo maana hakutambua mara moja zilipokoma. Alitambua kwa kusikia pumzi zake mwenyewe. Hakukuwa na nyuki, hata mbu hakuwapo. Mkononi mwake alipita mbawakawa wa kijani, halafu wa pili, halafu kundi zima, wote wanateremka kwa haraka kwenye gome.

Alifika kwenye chupa ya kileleni. Akaigusa kamba ya chupa. Ilikwenda vizuri kabisa, juu na chini, laini. Haikuwa imekwama popote.

Ndani ya chupa hakukuwa na samaki wala ndizi. Kulikuwa na kitambaa cha njano kimesokotwa. Kindi alikivuta kwa vidole viwili, na kabla hajakikunjua alikijua kwa harufu. Ilikuwa harufu yake. Ilikuwa blauzi yake ya kazi, iliyopotea kwenye kamba ya kuanikia nguo, na wifi yake akamwambia ni upepo.

Aliishika ile blauzi mkononi.  Chambo huwekwa kwa ajili ya anayekula. Nani huku juu anakula harufu yangu?

"Nipo!" aliita.

Kimya.

"Kaka! Nipo!"

Alisogeza majani, akatazama chini. Alimwona, mdogo sana, amesimama palepale alipomwacha, kamba ikiwa kiunoni mwake. Ameinamisha kichwa. Mikono yake miwili ilikuwa imeziba masikio.

Hapo Kindi alielewa kila kitu, na kilichomuuma kuliko woga ni ile mikono. Kumbe alikuwa anasikia. Siku ile ya nyuki alisikia pia. Amemuuza. Kaka yake, baba yake, mama yake, wote katika mtu mmoja, wamemtoa chambo.

"Nakushika."

Sauti haikutoka chini. Ilitoka juu yake, mahali ambapo mti umeshaisha. Ilikuwa ya upole, ya mkwaruzo, kama ya mtu ambaye hajaongea miaka.

Kamba ikamkaza kiunoni. Ikaanza kumvuta juu.

Alikuwa na mkanda mfupi wa kujifungia kwenye shina. Akauzungusha, akaubana. Kamba ikavuta tena. Mbavu zikamlia. Akaanza kulifungua fundo la kiunoni; likamponyoka mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tatu likafunguka. Akaifunga ile blauzi kwenye ncha ya kamba, akaiachia.

Blauzi ikapaa. Ikapotelea kwenye majani. Juu pakatulia kidogo, kisha kikasikika kitu kinanusa.

Kisha kamba yote ikaanza kwenda.

Ikumbukwe kwamba ncha ya pili ilikuwa imefungwa kiunoni mwa mtu, na fundo la mshika kamba halifungwi ili lifunguke haraka. Kindi alisikia kelele kutoka chini. Zikakaribia. Zikapanda upande wa pili wa shina, matawi yakivunjika.

"Mdogo wangu! Nipo! Nipo! Sema unanishika!"

Yeye ndiye aliyemfunga kamba kaka yake, ile asubuhi, kama desturi. Alikuwa na haki ya kumjibu. Alifungua mdomo, lakini mate yalikuwa yamemkauka na ulimi umeganda. Aliona soli ya kiatu ikipita sawa na uso wake. Mpaka leo hajui kama kilichomziba koo kilikuwa woga au hasira.

Kelele ziliishia juu. Nyenze wakaanza kuimba wote kwa pamoja.

Alishuka kwa kulikumbatia shina, ngozi ya mikono ikichunika. Pale alipokuwa amesimama kaka yake hapakuwa na mtu wala kamba. Walikuwapo mbawakawa wa kijani tu, mamia, wanazunguka juu ya majani yaliyooza kama waliopotea njia.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Kindi alilia. Ajabu ni kwamba hasira ilikuwa imeshaanza kuyeyuka, na alichokuwa anawaza ni wifi yake. Atamwambiaje? Ataanzia wapi? Yule mwanamke hakuwa na kosa, alikuwa na mume tu, na sasa hana. Alipanga maneno, akayapangua. Alifika jua likiwa bado kali, akapitia mlango wa nyuma, wa jikoni.

Godoro lake lilikuwa nje. Limekunjwa, limefungwa kamba, limeegemezwa ukutani. Nguo zake zote zilikuwa kwenye shuka, zimefungwa furushi. Mezani ziliwekwa sahani mbili. Walikuwa wanakula watatu, tangu siku wifi alipoolewa.

Wifi alikuwa amempa mgongo, anakoroga chungu. Alisikia hatua.

"Umerudi, mume wangu?" alinong'ona bila kugeuka. "Yamekwisha?"

Kindi aliingia hadi mezani. Wifi akageuka, na mwiko ukamdondoka.

"Blauzi uliianua wewe," Kindi alisema.

"Wifi..."

"Niambie tu."

"Ngazi alikuwa anamwita kaka yako kila siku, wifi. Kila siku. Hata kitandani. Alisema atashuka kumchukua, labda apewe mtu wa damu ya kaka yako." Wifi alianza kulia, machozi ya kweli kabisa. "Wewe huna mume. Huna mtoto. Tukaona... tukaona hakuna atakayeumia sana."

Tukaona. Kindi alilirudia neno hilo moyoni. Walikaa, wakapima, wakaona. Pengine ilikuwa mezani hapohapo, yeye akiwa mlangoni anakunywa chai na kuchekewa.

"Mume wangu yuko wapi?" wifi aliuliza.

Kabla hajapata jibu, bati lililia. Kitu kizito kilikanyaga juu ya paa, kikatulia, kikakanyaga tena.

"Nipo!"

Ilikuwa sauti ya kaka yake, haswa haswa, hata kile kikohozi kidogo cha mwisho.

Uso wa wifi ulichanua. "Ni yeye! Amerudi, wifi, amerudi!" Alikuwa hajawahi kufanya kazi ya msitu. Sharti hakulijua. Alilolijua ni jibu, kwa kuwasikia wenyewe wakitaniana nalo uani.

Safari hii koo la Kindi halikukauka. Ulimi ulikuwa mwepesi. Alifungua mdomo amkataze, na ilitosha neno moja tu, usijibu. Macho yake yakatua mlangoni, kwenye godoro lililofungwa kamba.

Akafumba mdomo.

Wifi alikimbilia nje, ameinua uso na mikono. "Nakushika, mume wangu! Nakushika!"

Majirani walikuja jioni. Wakaita, wakazunguka nyumba, wakauliza. Kindi aliwaambia wametoka, hajui walikoenda. Walipomaliza kuuliza, alikata kamba ya godoro, akalirudisha ndani, akalala mchana uliofuata wote.

Nyayo ziko ukutani mpaka leo, za udongo mwekundu, na kupakwa chokaa hakujazifuta. Zinaanzia karibu na kandambili za wifi, zilizovuliwa na kupangwa vizuri, visigino vimegusa ukuta. Vidole vinaelekea juu. Pale chini ni nyayo za mtu mmoja. Chini ya bati, zinapoishia, ni za watu watatu.