Wiski Iliyomwagwa Rahaleo

"Modesta mwanangu, hivi huyo mchumba wako ana akili timamu? Mtu gani anatia pombe ya Wazungu mdomoni, halafu anaitema?"

Bi Mwasiti aliuliza hivyo Jumapili moja, akipepeta mchele barazani kwake Rahaleo, jirani wa ukuta kwa ukuta na Kasiani, huyo mchumba. Modesta, katoka kanisani na gauni lake la kitenge cha maua ya manjano, aliona haya, akacheka tu. Hakujua kwamba swali lile atalisikia tena siku ambayo hakuna atakayecheka.

Yeye na Kasiani walikutana kwenye foleni ya sabuni, mwaka ule wa 1983, bidhaa zilipokuwa adimu kama wali wa daku. Watu wamebanana dukani, jasho linawachuruzika, mara kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi akasema nyuma ya bega lake:

"Dada, kanga yako imelala sandukuni na karafuu."

"We kaka, umekuja kununua sabuni au kunusa watu?"

"Kunusa ndiyo kazi yangu. Sabuni ni bahati."

Kasiani alikuwa msimamizi wa baa katika klabu ya mabaharia, bandarini. Modesta alikuwa akiunganisha simu posta. Tangu siku ile, simu ya klabu ikawa inalia kila saa nne asubuhi.

"Haloo, klabu hapa."

"Unataka namba ngapi, mpenzi?"

"Nataka yako, bibie. Na ya mjomba wako, nimwambie posa inakuja."

Mwezi wa Juni klabu ilipewa kibali cha kununua wiski ya aina moja tu, ya kuwauzia manahodha wa kigeni. Wakala wa meli akaleta chupa mbili za kuonja: moja ya Uskoti, nyingine ya Ayalandi, ambayo bei yake ilikuwa chini kwa robo nzima. Kasiani ndiye aamue ipi inastahili bei yake. Na kwa kuwa kabati la klabu lilikuwa na funguo nyingi kuliko chupa, chupa hizo akazipeleka chumbani kwake.

Modesta hakuwa mnywaji. Alimwahidi marehemu mama yake. Lakini pua hakuiahidi mtu.

"Haya, nusa. Hii?"

"Moshi. Kama samaki aliyekaushwa juu ya moto."

"Uskoti hiyo. Na hii?"

"Hii ni laini. Asali... na pumba zilizolowana."

"Ayalandi. Lo! Nikikuoa utaninyang'anya kazi." Akasukutua, akatema dirishani ili kichwa kisilewe kabla ya kuamua. Ndipo Bi Mwasiti alipoona.

Siku hizo msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto. Watu walitupa vitenge baharini, wengine wakazika sukari. Mtaa wa pili mtu alikutwa na katoni tatu za sabuni. Akachukuliwa, na mkewe hakuambiwa alikopelekwa. Jumatano saa tano, Modesta akiwa kazini na vidude vya simu masikioni, akasikia kwenye laini sauti nzito ya polisi ikisema: "Mchana huu tunaanza Rahaleo. Nyumba kwa nyumba."

Akapiga klabu. Simu ikalia, ikalia. Kasiani alikuwa amepanda melini. Akapiga tena. Wapi!

Akasingizia tumbo, akaomba ruhusa, akakimbia viatu mkononi. Ufunguo aliujua, chini ya mtungi. Wiski ya Uskoti aliimwaga kwenye shina la mpapai. Harufu ilipopanda akaingiwa na hofu, ya Ayalandi akaimwaga nyuma ya bafu la makuti. Chupa akazitumbukiza chooni, midomo ikisali: "Bwana, tufiche."

Kasiani aliporudi kula, alimkuta amekaa kitandani.

"Nimekuokoa, mpenzi. Nimemwaga zote."

Uso wa Kasiani ukawa majivu. Akatoa karatasi mfukoni. "Nina kibali, Modesta! Forodha wameandika humu chupa mbili. Zisipoonekana, maana yake nimezilangua. Hukuniokoa, umenifunga pingu."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Kabla hajajibu, mlango ukagongwa. Afande mfupi, gwanda la kaki limelowa mgongoni, akaichukua karatasi mkononi mwa Kasiani, akaisoma mara mbili.

"Chupa ziko wapi?"

Modesta angeweza kuondoka, jina lake halikuwamo kwenye karatasi. Akasogea mbele.

"Nimemwaga mimi, afande. Kwa woga wangu. Nichukue mimi."

"Wewe ni nani wake?"

"Mke wangu," Kasiani akadakia. "Posa inakwenda Jumamosi. Ukimchukua yeye, tuchukue wote."

"Kila mtu mwaka huu anasema amemwaga," afande akasema.

Bi Mwasiti akajitokeza mlangoni, upawa mkononi. "Baba, na mimi nikuulize. Mlanguzi gani anaitema mali yake? Huyu nimemwona kwa macho yangu haya, anatia mdomoni, anatema! Nikadhani kichaa."

Hakuna aliyecheka. Afande akaenda uani, akaifuata harufu, akachutama penye mpapai, akachota udongo, akaunusa. Modesta akaushika mkono wa Kasiani.

"Huu?"

"Uskoti," Modesta akasema. "Unanuka moshi."

Afande akaifuata harufu hadi nyuma ya bafu, akachota mwingine. "Na huu?"

"Ayalandi. Asali na pumba."

Afande akanusa tena, polepole, macho ameyafumba. "Ipi bora?"

Kasiani akajibu: "Ya Uskoti unalipia moshi na jina, afande. Ya Ayalandi unalipia wiski."

Afande akakung'uta mikono, akaandika chini ya karatasi: "Zimemwagwa. Nimenusa mwenyewe." Akaikunja karatasi, akaiweka kwenye kiganja cha Modesta, si cha Kasiani. Akavaa kofia yake, akatoka kwenda nyumba ya pili.