Neno Lililobaki Mlangoni

Jioni ya Jumamosi moja, mwaka 1992, Paska alikuwa anapanda njia ya Mvara na sigiri ya mwenzake kichwani. Sigiri ya watu! Majivu yanamwagikia kope, kwapani amebana godoro lililokunjwa, na mwenye mali yuko mbele na kibatari tu mkononi, anacheka, anasalimia kila anayepita.

Mwenye mali aliitwa Ayiko. Walikuwa wamekaa pamoja miaka miwili chuo cha ualimu, mmoja kitanda cha juu, mmoja cha chini. Waligawana sabuni, wakamaliza siku moja, wakapangiwa shule moja ya msingi hapa mjini Arua. Ukiwaona ungesema ni ndugu wa tumbo moja. Mimi huwa nasema kikulacho ki nguoni mwako, na watu hunicheka. Basi sikilizeni.

Wiki tatu nzima walitafuta mtaa wa kuishi. Mtaa wa Oli bei ilikuwa nzuri, lakini muziki hauzimwi. Mtaa wa Tanganyika walionyeshwa chumba kinachovuja. Onduparaka ndiko walikojibanza kwa muda, kwa shangazi yake Paska, na huko siku ya mpira halali mtu, timu ishinde au ishindwe. Halafu wakafika Mvara kwa mjane mmoja, Mama Onzima. Alikuwa na chumba nyuma ya nyumba yake. Mabati mapya. Sakafu ya saruji nyekundu. Mlango wa mbao wenye kitasa, na ufunguo wake.

Mtu ambaye hajawahi kukimbia vita hawezi kuelewa habari ya ufunguo. Mwaka 1979 Paska alikuwa na miaka tisa. Baba yake alikuwa askari na hakurudi. Mama yake alikusanya watoto watano na sufuria moja, wakatoka Koboko kwa miguu mpaka Zaire, wakalala watu kumi na mmoja chini ya turubai. Waliporudi, nyumba yao ya Koboko ilikuwa kuta tupu. Chuoni alilala bwenini, kwa shangazi alilala nyuma ya pazia. Miaka kumi na mitatu, jamani, hajalala ndani ya mlango anaoufunga mwenyewe. Alipokiona kile kitasa, machozi yalimtoka.

Na kitasa hicho ndicho kilichomponza. Mama Onzima alipotoka kuwapokea, Ayiko alipiga magoti akamsalimia, kama msichana yeyote aliyefunzwa kwao. Paska alibaki wima, anazungusha ufunguo huku na huku. Mjane akamtazama kidogo.

"Chumba iko ya mutu moja," akasema. "Nitapea huyu."

Akamwonyesha Ayiko.

Rafiki angekataa. Si angekataa? Ayiko, ambaye kwao Aroi baba yake ana nyumba ya matofali, kila chumba na mlango wake, alisema asante mama. Hata hakugeuka kumtazama mwenzake. Tangu hapo Paska alikuwa hali akashiba. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, akawa anaumeza na haushuki. Akajisema, nitambebea vyombo, nitacheka, asijue. Ndiyo maana ya sigiri.

Walipofika, Mama Onzima alikuwa anawasubiri na kibuyu cha maji.

"Nyumba mpya hailaliwi kavu," alisema. "Kila mutu atatia maji mdomoni, atapulizia mlango, atabariki. Lakini kwanza, mwenye neno atoe. Kama unamchukia, sema. Kama unamlilia, lia. Hapa hakuna mutu atakasirika. Ukipuliza na neno ndani ya tumbo, neno inatoka na maji... inabaki mlangoni."

Hiyo ni desturi ya huku, ya wazee wote wa West Nile wenye akili. Watu hutukanana mbele ya baraka mpaka wanatoka jasho, kisha wanakula pamoja. Paska alikuwa ameiona kwao Koboko mara nyingi. Alijua.

"Paska, mutoto yangu. Iko na neno?"

"Mimi sina neno, mama."

"Hata kidogo?"

"Sina."

Mjane aliuliza mara ya tatu. Ayiko akaangua kicheko. "Mama, huyu ni dada yangu! Atakuwa na neno gani?"

Paska akapiga funda. Akapuliza.

Maji aliyotangulia kupuliza Mama Onzima yalikuwa yameshakauka kizingitini. Ya Paska yalibaki pale pale, yamelala juu ya saruji. Yakatoa harufu ya turubai lililolowa. Paska aliijua harufu hiyo tangu utotoni, akageuza uso.

Jioni iliyofuata, jua lilipozama tu, usingizi ulimwangusha kwa shangazi kabla hajala. Shangazi alimtikisa, akamwita, akampiga kofi la shavu. Hakuamka. Asubuhi alipoamka mwenyewe, nyayo zake zilikuwa zimelowa, na mvua haikuwa imenyesha.

Shuleni Ayiko alimvuta pembeni.

"Wewe, jana ulikuja kwangu ukasimama mlangoni. Nikakukaribisha, ukakaa kimya. Kwa nini?"

"Mimi nililala mapema. Muulize shangazi."

"Nilikuona, Paska." Alisema kwa sauti ndogo, iliyokwaruza.

Ikawa hivyo kila jua linapozama. Paska anaanguka usingizi, na kule Mvara mtu anasimama mlangoni. Siku ya tano alikuwa ameshavuka kizingiti. Siku ya nane alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Ayiko alikonda, sauti ikakauka kabisa, darasani akawa anaandika tu ubaoni na watoto wanapiga kelele. Na Paska? Alimhurumia, msidhani ana moyo wa jiwe. Lakini huruma ilipopanda, nyuma yake kulikuwa na kitu kingine kinachouliza polepole: akiondoka, chumba kitabaki na nani?

Siku ya kumi aliamua kukata mzizi wa fitina. Alikwenda Mvara mapema, akakaa na Ayiko ndani, akafunga mlango kwa ufunguo. Alijifinya mapaja asilale. Nikiwa hapa ndani, aliwaza, huyo wa nje ataonekana ni mwingine.

Jua likazama. Kibatari kikawashwa.

Kimya.

Kisha nyayo. Nyayo za miguu iliyolowa... tap... tap... zinakuja uani. Zikakoma mlangoni. Harufu ya turubai ikaingia chini ya mlango, ikajaa chumba chote.

"Ayiko," sauti ikaita. "Fungua."

Ilikuwa sauti ya Paska mwenyewe. Hata ule mkazo wake wa Koboko ulikuwamo.

Ayiko alimtazama aliye ndani, akatazama mlango. Akajivuta ukutani, shuka mpaka kidevuni.

"Fungua. Mimi ni dada yako."

Mara uani kukapita mwanga wa taa, na Mama Onzima akasema kutoka nje, kwa utulivu, "Paska, iko ndani? Usifungue. Mimi naona mgongo yako hapa, na wewe iko huko. Sikiliza. Hii ni neno yako, sasa iko na miguu. Itoe kwa mdomo. Iambie Ayiko mwenyewe, sasa hivi, itakufa."

Kazi ndogo hiyo! Maneno mawili tu: nimekuonea wivu. Paska alifungua kinywa. Ayiko alikuwa anamtazama, macho yamemtoka, anamsihi kwa kichwa kwa sababu sauti hana. Na Paska aliyapima. Akisema, kesho shule nzima itajua, Arua nzima itajua, mpaka Koboko: binti wa yule askari ni mchawi. Nani atampa chumba? Asiposema... Macho yake yakahama. Yakaenda kwenye shuka lenye maua, kwenye sakafu nyekundu, kwenye ufunguo ulioning'inia kitasani.

"Mimi sina neno," alisema.

Na nje, wakati ule ule, sauti ile ile:

"Mimi sina neno."

Asubuhi mzee Silvester, baba yake Ayiko, aliyepelekewa habari, alikuja na baiskeli, akampakia binti yake nyuma, akampeleka Aroi. Paska alishika godoro na kuwasaidia kufunga. Walipopotea barabarani, Mama Onzima alichomoa ufunguo mlangoni. Hakumpa mkononi. Aliuweka chini, kwenye saruji, akarudi nyuma hatua mbili.

"Chukua. Nani mwingine atalala hapa?"

Paska aliuchukua. Ndiyo, aliuchukua, na aibu ilimpata, na furaha ilimpata zaidi.

Jioni ile ile alifunga mlango wake mwenyewe. Alikizungusha kitasa mara tatu kwa raha ya kukisikia. Kisha nyayo zikaja... tap... tap... zikapita mlango uliofungwa kama hakuna mlango. Kitanda kikabonyea upande wa miguuni. Kitu cha baridi, chenye nywele kama zake, kilijilaza ubavuni mwake, kikaanza kupumua naye pamoja.

Kumbe kitu kile hakikuwa kinamtaka Ayiko tu. Kilikuwa kinamwingia yeyote anayelala humo.

Miezi mitatu Paska alivumilia. Ajabu ya binadamu! Alikonda, nywele zikamkatika, na bado hakuhama. Mara mbili alifunga mizigo, mara mbili akaifungua. Mwisho sauti yake nayo ilianza kukauka, ndipo akaogopa kufa. Jumatano moja aliomba ruhusa shuleni akapanda lori la Aroi. Njia nzima alikuwa anarudia maneno kwa midomo: nilikuonea wivu, Ayiko, nisamehe. Alikuwa anamaanisha. Wallahi, alikuwa anamaanisha.

Alimkuta Ayiko amenenepa. Sauti imerudi, ngozi inang'aa. Alimkumbatia Paska kama hakuna kilichotokea.

"Njoo uone!" alisema. "Nimehamishiwa shule ya hapa. Wamenipa nyumba ya mwalimu."

Vyumba viwili. Madirisha ya vioo. Jikoni pembeni. Mlango wa mbele na mlango wa nyuma, kila mmoja na kitasa chake. Na mezani picha ya kijana mmoja wa Vurra, karani wa forodha, mahari imeshaanza kuzungumzwa.

"Mimi kuumwa kule kumbe ilikuwa heri," Ayiko alisema, akammiminia chai. "Na wewe, dada? Naona macho yako yana kitu. Ulikuja kuniambia neno?"

Paska alikuwa na maneno mdomoni. Yalikuwa pale, tayari. Akatazama madirisha. Akatazama milango miwili. Kitu kikampanda kutoka tumboni, kizito, cha zamani, kikayasukuma maneno yote pembeni.

Miaka kumi na mitatu bila mlango wangu, na huyu anapewa milango miwili!

"Hapana," alisema. "Mimi sina neno. Nimekuja kukusalimu tu."

Alipoinuka kuaga alinawa uso kwa maji ya ndoo, akasukutua, akatema maji kidogo mlangoni, bila kuwaza.

Alirudi Mvara jua linazama. Akafunga mlango, akakaa kitandani, akasubiri. Giza likaingia. Jirani akazima redio. Nyayo hazikuja.

Akasubiri tena. Hakuna harufu. Hakuna ubaridi ubavuni. Kitanda kilikuwa chake, chote.

Mara akakumbuka maji aliyoyatema mlangoni kwa Ayiko, akajua. Akasimama. Akashika ufunguo ili atoke, atafute lori, baiskeli, chochote, arudi Aroi kabla... Mkono wake ulikaa kwenye kitasa muda mrefu. Chumba kilikuwa kimya sana, na kisafi, na yeye alikuwa amechoka.

Kesho, akajiambia. Kesho nina vipindi vitano. Jumamosi basi. Jumamosi nitakwenda.

Akapuliza kibatari, akajinyoosha katikati ya kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa na miaka tisa, Paska akalala usingizi mtamu.