Shangazi Aliyeganda Ukutani

Kila Jumapili baada ya misa, Nakayiza alikuwa na kazi yake: kufagia kibanda cha filamu cha Mjomba Kalyango. Alinyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, akapanga mabenchi, kisha akaziba madirisha kwa magunia mpaka mchana ukageuka giza. Hapo watu wa Kyabakuza wakaanza kuingia, matumbo yamejaa matoke na mchuzi wa karanga, wakigombania benchi la mbele.

Lakini Jumapili hii ilikuwa na mambo yake. Kwanza, ile televisheni kuukuu, ambayo haikuonyesha picha mpaka ipigwe kofi, ilikuwa imestaafu. Mahali pake palikaa projekta mpya, ndogo kama mkate, ambayo mjomba aliihangaikia kwa miaka. Pili, filamu yenyewe ilikuwa ya kwao! Kigongo, kijana wa hapo hapo, aliipiga kwa simu yake, na waigizaji walikuwa majirani. Bibi Nnalongo, nyanya yake Nakayiza, ndiye aliyecheza kama shangazi wa bibi harusi. Bibi huyo hakuwahi kukanyaga kibandani hata siku moja. Leo alivaa gomesi yake ya sherehe, akaketi mbele kabisa, fimbo mapajani.

"Nasikia nitakuwa mkubwa kuliko mlango," alisema. "Haya, nionyesheni huo uongo wenu."

"Mama, tulia," akajibu Mjomba Kalyango. "Utajiona mpaka ujikimbie."

Akabonyeza kitufe. Mwanga ukapasua giza, na kwenye kitambaa cheupe ikatokea Kyabakuza nzima: migomba, kisima, hata mbuzi wa mwalimu mkuu akila ua la watu. Kibanda kizima kikasema "Aaah!" kwa pamoja. Nakayiza alisahau kufumba mdomo. Kwenye kisima kile alichota maji kila siku, lakini leo kilikuwa kizuri hata akatamani kukiendea upya.

Kando ya kitambaa aliketi Bbosa, vijei wa kibanda, kipaza sauti mkononi. Filamu iwe ya Kichina au ya Kiganda, lazima vijei aisimulie na kuitia chumvi, la sivyo watu watasema haijaiva.

"Jamani, tazameni!" alinguruma Bbosa. "Ng'ombe wa mahari kaibwa siku ya posa! Bwana harusi anatoka jasho mpaka kwenye viatu!"

Watu wakavunjika mbavu. Kisha akatokea Bibi Nnalongo, mkubwa kama nyumba. Bibi mwenyewe akashika kifua. "Mama yangu wee! Yule ni mimi?" Machozi yalimlengalenga, na hakuyaficha. Pale ukutani, shangazi aliinua fimbo mbele ya wageni na kusema, "Mwizi wa ng'ombe yumo humu humu, na jina lake ni..."

Picha ikaganda. Fimbo juu, mdomo wazi, jina halijatoka.

"Jina! Tunataka jina!" watu walipiga kelele.

Mjomba alirudisha nyuma, akaanza tena. Ikaganda pale pale. Akaizima, akaiwasha, akaipepea kwa boksi. Pale pale.

"Kalyango, ibembeleze, labda ina njaa!" mmoja akadakia.

"Hiyo mashine inamwogopa shangazi!"

Nakayiza hakucheka. Yeye peke yake alijua kwa nini filamu imeganda.

Jana jioni Kigongo alikuwa akiihamisha filamu kutoka kwenye kompyuta yake kwenda kwenye flashi ya mjomba. Kabla ya kwenda kula alimwambia Nakayiza, "Usiiguse mpaka mstari wa kijani ujae." Mstari ulitambaa kama konokono. Mara akaja rafiki yake Babirye, akihema: "Harakisha! Duka la simu linafungwa, hutapata zile nyimbo!" Nakayiza akaichomoa flashi, akakimbia nayo kutiliwa nyimbo, kisha akairudisha mezani. Jina la filamu lilionekana ndani, akajiambia mambo yako sawa. Kigongo naye, akiwa na haraka ya basi, alifunga kompyuta yake bila kutazama, akaenda nayo Kampala.

Sasa mjomba alikuwa amepiga simu huduma kwa wateja ya waliomuuzia projekta, sauti ameifungulia watu wote wasikie.

"Simu yako ni ya thamani sana kwetu. Tafadhali subiri." Muziki. "Bonyeza moja kwa bili. Bonyeza mbili kwa bidhaa mpya."

"Na ya kuganda ni ngapi?" aliuliza Bibi Nnalongo.

Mjomba alibonyeza tatu. Muziki tena. Alibonyeza nne. "Umebonyeza namba isiyo sahihi." Hatimaye akapokea binti mmoja mwenye sauti ya asali.

"Je, mheshimiwa, umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Dada yangu, nimeizima mpaka kidole kimeota sugu!"

"Basi ilete kwetu. Ila usivunje ile stika nyekundu, mheshimiwa. Ukiivunja, waranti imekufa."

"Niilete lini? Watu wamejaa hapa! Haloo? Haloo!" Simu ilikuwa imekatika.

Watu wakaanza kudai viingilio vyao. Mjomba Kalyango alitazama mabenchi, akatazama projekta. Jasho lilimtiririka. "Waranti na ife," alisema. "Nitaifungua mwenyewe." Akachomoa bisibisi mfukoni na kuiweka kwenye ile stika nyekundu.

Nakayiza aliiona ncha ya bisibisi ikianza kuikwangua. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lawama zote zingemwangukia yule binti wa simu. Lakini projekta ingekufa kwa ugonjwa isiokuwa nao, na mjomba angerudi kwenye televisheni ya makofi. Akapiga magoti hapo hapo mbele ya watu, kama binti anavyozungumza na wakubwa wake.

"Mjomba, acha! Mashine ni nzima. Mbovu ni mimi." Akaeleza yote, flashi, nyimbo na mstari wa kijani, huku akilia.

Mjomba alishusha bisibisi polepole. Stika ilikuwa imekwanguka pembeni tu.

"Kwa hiyo jina la mwizi liko Kampala?" aliuliza Bbosa.

"Turudishieni hela zetu!" sauti ikatoka nyuma.

"Nyamaza wewe!" Bibi Nnalongo alikuwa amesimama. Alijikongoja hadi mbele ya kitambaa, mwanga ukamwangukia. Nyuma yake alikuwapo shangazi mkubwa, fimbo juu, ameganda. Mbele alisimama bibi mdogo wa nyama na damu, naye akainua fimbo yake vile vile. "Mnanitafuta Kampala, na mimi niko hapa? Mwizi wa ng'ombe ni wewe, Katende!"

Katende, fundi baiskeli aliyeigiza mwizi, alikuwa benchi la nyuma akitafuna gonja, ndizi ya kuchoma; aliruka kama aliyekanyaga moto. "Shangazi, nisamehe! Njaa ilinituma!" Akakimbia kati ya mabenchi. Bwana harusi akatokea upande mmoja, baba mkwe upande wa pili, wakamfukuza. Bbosa alishika kipaza sauti chake: "Mungu wangu! Mwizi katoka ukutani! Kamateni huyo!" Watoto walipiga mayowe. Nakayiza, machozi hayajakauka, alishangaa hata akasahau kujionea aibu. Ilikuwa kama ukuta umefunguka na watu wa filamu wamemiminika ndani ya kibanda.

Katikati ya vifijo simu ya mjomba ililia. "Mheshimiwa, simu ilikatika. Je, umeridhika na huduma yetu?"

"Sikiliza mwenyewe," alisema mjomba, akaiinua simu juu ya kelele.

Watu walipokwisha kutoka, Nakayiza alikuwa bado amejikunyata karibu na projekta. Mjomba aliketi kando yake.

"Nakayiza, ulipochomoa flashi ulitunyima nusu ya filamu. Hilo ni kosa la haraka, na Jumamosi ijayo utakaa na Kigongo, mikono nyuma, mpaka mstari ujae. Lakini ulinitazama nikipepea mashine nzima, nikigombana na binti wa watu, ukanyamaza. Hicho kimya ndicho kilichotaka kuniulia projekta."

"Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe ulipopiga magoti. Ila siku nyingine usingoje bisibisi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Bibi Nnalongo, akijifuta jasho. "Mwanangu, kosa liseme lingali dogo. Ukilificha, litakuja kusimama mbele ya watu, kubwa kama mimi pale ukutani."