Maneno ya Ngazini

“Acha! Nimesema acha kunikunjia nguo!”

Msusi alilinyakua gauni mikononi mwa mumewe, akalisokomeza sandukuni bila hata kulitazama. Mumewe akalitoa. Akalikung’uta, akalilaza kitandani, akakunja mikono ya gauni kwa nyuma na kupitisha kiganja katikati mpaka likalala bapa.

“Hili la bluu usiliweke chini,” alisema. “Litajikunja.”

“Mimi naondoka kesho asubuhi, na shida yako wewe ni mikunjo?”

Dobi aliliweka gauni kando. Alichukua sketi.

Na udobi ndiyo kazi yake. Mwaka wa tano sasa anapiga pasi mashuka ya hoteli katika nchi ya watu, na mtu wa kazi hiyo akiona nguo imefinyangwa huumwa kabisa, kama wewe unavyoumwa jino. Lakini ni mke gani atakayeelewa hayo siku anayofungasha? Msusi aliona jambo moja tu: mwanamume anamsaidia kuondoka. Ana haraka abaki na chumba chake.

Miaka minne ndoa yao iliishi kwenye simu. Dobi alisafiri miezi miwili baada ya harusi, na tangu hapo kila siku ujumbe wa sauti ulikuwa unaingia: mpenzi wangu, leo basi limechelewa, mpenzi wangu, leo nimeunguza kidole, mpenzi wangu, nimekukumbuka. Msusi alisuka wateja saluni kwake huku waya uko sikioni, anacheka peke yake mpaka mteja analalamika kwamba anavutwa nywele. Halafu karatasi za kumfuata mumewe zikatoka. Akafunga saluni, akaaga, akapanda ndege. Miezi mitatu iliyopita alifika kwenye chumba hiki, akakuta bubu.

Chumba kimoja, jiko la kushirikiana na vyumba vingine viwili, bafu ambalo maji yake ya moto yanamtosha anayewahi, lifti iliyokufa kabla hajafika. Hayo yote angeyameza. Kilichomkaa kooni ni ule ukimya. Anachemsha chai, anaijaza kwenye chupa, mtu anakunywa, anasuuza kikombe, anakwenda zake kazini. Hasemi asante, hasemi imezidi sukari, hasemi lolote. Afadhali hata angelalamika.

“Niambie neno moja,” alisema sasa, amesimama katikati ya mumewe na sanduku. “Moja tu. Niende au nisiende?”

Dobi alifungua mdomo. Akaufunga. Akatazama sketi.

“Hii ina doa dogo hapa,” alisema.

“Mungu wangu!”

Hapo ndipo Msusi alipoamua kulitoa lile alilokuwa amelifungia moyoni tangu juzi. Juzi alikuwa jikoni na Nesi wa chumba cha pili, mwanamke mchangamfu mwenye lugha moja nao, anayerudi kutoka kazini mchana. Walikuwa wanasubiri birika lichemke.

“Jirani, una bahati wewe,” Nesi alisema.

“Bahati ya nini?”

“Ya mume mwenye maneno! Kila nikirudi namkuta amekaa ngazini, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, simu mdomoni. Mpenzi wangu leo hivi, mpenzi wangu leo vile. Napita kwa kunyata nisimkatize. Yaani ndani hamtosheki mpaka mmalizie kwenye simu?”

Msusi alicheka naye, akacheka sana hata, kwa sababu angefanyaje? Simu yake mwenyewe mchana ilikuwa haijawahi kulia hata mara moja.

“Unaongea na nani ngazini?” alimuuliza mumewe.

Mikono ya Dobi ilisimama.

“Ngazini?”

“Usinirudishie swali. Kila mchana, kabla hujaenda kazini. Mpenzi wangu leo hivi, mpenzi wangu leo vile.”

“Siongei na mtu.”

“Kwa hiyo unaongea na ukuta?”

“Karibu na hivyo.”

“Unanifanya mtoto mdogo?”

“Mke wangu, nakuambia ukweli. Hakuna mtu.”

“Basi nipe simu nione.”

Dobi aliugusa mfuko wake, akauachia. Jasho lilimtoka puani. Ilikuwa aibu, na aibu ya mume aliyeombwa simu ina tafsiri moja tu duniani.

“Nitachelewa kazini,” alisema. Akaiweka sketi juu ya lile gauni la bluu, akaisawazisha kwa kiganja, akachukua koti, akatoka.

Msusi alilipiga sanduku teke. Kidole kikamuuma, naye akakitukana kidole.

Simu yake ikatoa mlio. Ujumbe wa mdogo wake kutoka nyumbani:

“Dada pokea simu. Ni mambo ya shemeji. USIZIMIE.”

Hata hakungoja ipigwe. Alipiga yeye.

“Nimekaa. Sema. Huyo mwanamke ni nani?”

“Mwanamke gani tena?”

“Unajua unachotaka kuniambia. Sema tu, mimi nimeshafungasha.”

“Dada, tulia. Simu yangu imeingia maji, si ndiyo nikachukua ile yako ya zamani uliyoiacha kabatini kwa mama. Nimeichaji, nimeiwasha, ikaanza kulia kama imepagawa! Sauti ishirini na tisa. Zote za shemeji.”

“Anamtumia nani?”

“Anakutumia wewe! Kila siku moja, mpaka ya jana. Za nyuma zaidi hazipo, nadhani zimejifuta kwa kukaa bila kupokelewa. Hajui kama ulibadilisha laini?”

“Laini mpya amenipa yeye mwenyewe!”

“Basi mumeo amerukwa na akili. Nimesikiliza moja tu, naapa.”

“Moja?”

“Haya, kumi na moja. Zilizobaki amesikiliza mama.”

Zilianza kuingia, moja baada ya nyingine. Msusi alikaa juu ya sanduku, akabonyeza ya kwanza. Ikatoka ile sauti, ile ile ya saluni, ambayo hakuwa ameisikia tangu ashuke kwenye ndege.

“Mpenzi wangu, leo tena nimekuta chai kwenye chupa, bado ya moto. Miaka minne nilikuwa nachemsha kikombe kimoja, nakunywa nimesimama. Leo nimekunywa vitatu, nimekaa. Nilitaka kukwambia, lakini ukawa unaosha vyombo.”

Akabonyeza nyingine.

“Mpenzi wangu, umekasirika kwa ajili ya maji ya moto. Una haki. Niliwahi kuoga nikasahau kwamba sasa tuko wawili. Kuanzia kesho naoga ya baridi. Ila taulo lako huwa naliweka juu ya hita ukiwa umelala. Sijui kama umeona.”

Hakuwa ameona. Kila asubuhi alijifunga taulo la moto, akidhani ndivyo chumba kilivyo, kwamba taulo hupata joto kwa kutundikwa tu. Na ndicho kitu pekee cha nchi hii alichowahi kumsifia mdogo wake.

“Mpenzi wangu, jana nikitoka kazini nimeona taa kwenye dirisha letu. Sikupanda mara moja. Nilisimama barabarani nikaitazama. Watu wakanipita wakanishangaa.”

Utadhani Msusi alilia. Alilia ndiyo, kidogo, lakini hasira ilimpanda upya, nayo ilikuwa mpya kabisa, haikuwa ile ya kwanza. Miezi mitatu! Yeye yuko hatua tatu kutoka kwa mtu huyu, anakufa kwa njaa ya neno moja, na mtu anayapeleka maneno yote kwenye kabati la mama mkwe wake!

Akavaa ndala, akatoka, akashuka ngazi amfuate huko huko anakofanyia kazi. Hakufika mbali. Chini ya ghorofa ya tatu alisikia sauti, kumbe mtu hajaenda kazini bado, akasimama.

“...nguo zako nimezikunja. Kwa mtu wa kazi yangu lile sanduku ni dakika kumi, mimi nimetumia saa nzima na bado sijamaliza. Nilijiambia, maadamu halijajaa, hawezi kulifunga.”

“Halijajaa,” Msusi alisema.

Simu ilimponyoka Dobi, ikabingirika ngazi mbili.

“Umesikia?”

“Nimesikia. Mdogo wangu amesikia. Mama amesikia.”

“Mama?” Dobi alijishika kichwa. “Mama amesikia hata ile ya...”

“Ya nini?”

“Basi. Achana nayo.”

“Kwa nini unaongea na simu iliyozimwa, na mimi niko hapo juu?”

“Kwa sababu imezimwa.” Aliinama akaokota simu, akaifuta na shati. “Nikikosea haikunji uso. Wewe ukinitazama hivyo unavyonitazama, neno linarudi tumboni. Miaka minne nilikuwa nakupenda kwa simu. Namna hii nyingine siijui.”

“Na mimi je? Nimefunga saluni yangu nije nikae na mtu anayeniambia sketi ina doa?”

“Najua.”

“Hujui! Ungejua ungesema. Asante ni neno moja. Hata ungelisema umegeukia ukuta ningelipokea!”

Dobi aligeuka, akautazama ukuta.

“Asante kwa chai,” aliuambia.

Msusi alitaka kuendelea kufoka. Alikuwa na mengi bado, na yote ya haki. Lakini ile shingo iliyoinama mbele ya rangi iliyobambuka ilimkata nguvu, akajikuta amekaa kwenye ngazi.

“Lile taulo,” alisema. “Nilidhani linajipasha lenyewe.”

“Ulilipenda?”

“Ndilo nililokuwa nalishukuru kila siku. Ila nilikuwa nakishukuru chumba.”

Dobi aligeuka taratibu.

“Na tiketi?”

“Nitapiga simu wasogeze tarehe. Sikiliza vizuri, nimesema kusogeza, sijasema kufuta. Na hiyo laini ya zamani mdogo wangu anaitupa leo.”

“Sawa.”

“Na zile zilizofutika, za miezi miwili ya mwanzo. Nazitaka.”

“Zimeshafutika, mke wangu.”

“Kwenye simu. Kichwani mwako hazijafutika. Nazitaka zote, kwa mdomo, unanitazama. Anza na siku ya kwanza.”

“Nitachelewa kazini.”

“Chelewa. Mashuka hayatakulilia.”

Dobi alikaa. Alimtazama, akatazama viatu, akamtazama tena. Midomo yake ilijaribu mara mbili kabla sauti haijatoka, na ilipotoka ilikuwa imekwaruza, si tamu kama ya kwenye simu.

“Siku ya kwanza niliamka nikakuta umelala upande wangu wa kitanda. Nikahamia wa kwako. Ulikuwa bado una joto lako.”

“Ya pili.”

“Ya pili uliacha mlango wa bafu wazi ukawa unaimba. Vibaya.”

“Hayo ya vibaya uliyasema kwenye simu?”

“Hapana. Nimeongeza sasa hivi.”

Msusi aling’ata mdomo asicheke. Hakuwa amesamehe bado, na hakutaka mtu ajisahau.

“Ya tatu.”

“Ya tatu ulinifokea. Nilitundika soksi mbichi kwenye kiti, ukafoka kutwa nzima.”

“Na hiyo nayo ukaenda kuisimulia kama raha?”

“Miaka minne nilitundika soksi kwenye kile kiti,” Dobi alisema, “na hakuna aliyenifokea.”

Nesi alipopanda ngazi na mkoba wake aliwakuta hapo wamebanana kwenye ngazi moja, mume ana koti la kazini, mke ana ndala, hakuna aliyeshika simu. Alinyata kama kawaida yake. Nyuma yake akasikia sauti ya mwanamke, bado ina ukali ndani yake, ikisema:

“Ya nne.”