Dua ya Alhamisi

Stendi ya Masasi ilifurika siku hiyo, na begi refu la kijana mmoja likamwangushia Shakila kilemba chake cha kitenge kipya.

"We kaka, gitaa lako litaua watu!"

"Si gitaa, dada. Raketi hizi. Nacheza tenisi, ndiyo kazi yangu."

"Kazi? Na unajulikana?"

"Duniani mimi ni wa elfu moja na mia mbili."

Shakila alicheka mpaka akashika mbavu. Ndivyo alivyonaswa, fundi cherehani wa kijiji cha Mkunya aliyekuja mjini kununua uzi tu.

Mwaka ukapita, mapenzi yakiishi kwenye simu: leo Sadallah, yule kijana wa raketi, yuko Kigali, kesho Kairo. Mara mbili aliahidi kuja kuposa, mara mbili safari zikamkwamisha. Mzee Dadi, baba yake Shakila, akachoka.

"Ijumaa hii asipokuja mwenyewe na wazee wake, napokea barua ya posa ya mwalimu Haji."

"Ijumaa mbali, mpenzi," Sadallah alimtania kutoka mashindanoni Nairobi. "Mimi huwa natolewa Jumanne."

Jumanne akashinda. Jumatano akashinda tena. Akaingia robo fainali, ya kwanza maishani mwake, na akishinda Alhamisi, Ijumaa atakuwa uwanjani kwenye nusu fainali.

"Shaki, nijitoe?" Sadallah aliuliza kwenye simu.

"Ukijitoa utanilaumu mpaka uzeeni. Cheza, laazizi."

Alhamisi asubuhi cherehani ilinyamaza. Mtandao wa Mkunya haukuleta picha, tarakimu tu. Kila mmoja alikuwa na seti moja. Shakila aliikodolea macho simu, hana la kufanya, na moyo ukamsaliti.

"Mungu wangu, ashindwe tu," alinong'ona, kisha akajiziba mdomo kwa kanga.

Akashindwa.

Ijumaa alasiri Sadallah aliingia uani na wazee wake, kanzu nyeupe, kiganja kimefungwa bandeji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo umeonekana."

Barua ikapokelewa, vigelegele vikapigwa mpaka kwa majirani.

Wakati wa kuaga, Sadallah alimvuta Shakila pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilibakiza pointi mbili nishinde, Shaki. Mbili tu! Lakini sikuwa peke yangu. Nilijua huku kuna mtu ananiombea."

Shakila alimpenda kupita kiasi, na hilo ndilo lililomzuia kusema kweli. Aliishika ile bandeji taratibu, asithubutu kumtazama usoni.

"Nilikuombea," akasema. "Mpaka pointi ya mwisho."