Mke Asiyekula Kaa

“Kaa wangu yuko wapi?”

Chizuru aliuliza huku akicheka, akidhani ni utani. Mbele ya mumewe Toshikatsu kulikuwa na kaa mzima, mwekundu, miguu imetokeza hadi nje ya sahani. Mbele yake yeye kulikuwa na kijungu cha nyama ya ng'ombe.

Mama Kinue, mhudumu wa chumba chao, alikuwa bado amepiga magoti mlangoni.

“Mama asiwe na wasiwasi,” alisema kwa furaha. “Mpishi kahakikisha mwenyewe. Safari hii hakuna kaa popote, hata kwenye supu. Anasema yale yaliyokupata mwaka jana, midomo kuvimba mpaka daktari akaitwa, hataki kuyaona tena.”

“Mwaka jana?”

“Mimi sikuwa zamu, ila jikoni wanakumbuka...”

Kinue akainua macho, akauona uso wa Toshikatsu, na tabasamu likamfia mdomoni.

“Samahani sana. Nimechanganya wageni.”

Akafunga mlango wa karatasi taratibu, akaondoka.

Kwenye nyumba za wageni za chemchemi za maji ya moto, mhudumu mwenye akili hamwambii mwanamume “karibu tena” mbele ya mwanamke, mpaka mwenyewe aseme kwamba alishawahi kufika. Mama mwenye nyumba alipowapokea mchana hakuinua hata unyusi. Aliyeteleza ni mpishi, maskini, na aliteleza kwa wema wake. Yeye aliambiwa tu kwamba Bwana Okabe, yaani Toshikatsu, anakuja na mkewe, akafikiria midomo ya yule mgeni wa mwaka jana.

Safari yote ilikuwa wazo la Toshikatsu. Kampuni imemhamishia Fukuoka, alisema, amri imetoka juu, hakuna la kufanya. Basi waende kwanza pwani ya kaskazini wakaoge, wale kaa wa majira ya baridi, na huko huko Chizuru atoe jibu: atafunga saluni yake ya Osaka amfuate, au hafungi. Saluni hiyo aliianza na kiti kimoja kabla hawajaoana. Lakini kabla hata ya kupanda treni alikuwa ameshaamua kusema ndiyo, na kule saluni wameshawaaga wateja. Alikuwa anangoja tu wamiminiane kikombe cha kwanza cha sake, pombe ya mchele.

“Ulikuja hapa na nani?”

“Si umesikia? Kachanganya wageni.”

“Toshi.”

“Kula kwanza, nyama itapoa. Tukitoka kuoga tutaongea. Usiharibu siku.”

“Mimi ndiye ninayeharibu siku?”

Toshikatsu alivunja mguu mmoja wa kaa, akauacha hapo hapo kwenye sahani.

*

Mabafu ya nje ya wanawake na ya wanaume yalitenganishwa na ukuta wa mianzi. Theluji ilikuwa inaanguka kidogo kidogo. Majini alikuwamo bibi mmoja kutoka mji wa Kobe, kitaulo kimekunjwa juu ya kichwa. Chizuru alijisugua, akajisuuza, akaingia, akakaa kimya mpaka machozi yakamshinda.

“Maji yamekuchoma, mwanangu, au ni mume?” bibi aliuliza.

“Mume.”

“Basi litoe. Humu sote tuko uchi, nani atamcheka mwenzake?”

Chizuru akamsimulia yote, kaa, midomo, mpishi. Bibi akafyonya.

“Za mwizi arobaini. Ya arobaini ya mumeo imepikwa jikoni.” Kisha akaugeukia ukuta, akapaza sauti. “Genzo! Upo?”

“Nipo, mke wangu!”

“Uko na nani huko?”

“Kijana mmoja mrefu. Kajikunyata kama kuku aliyenyeshewa.”

“Asitoke!”

Chizuru hakuwa amepanga kusema kitu mbele za watu. Lakini hakumwona Toshikatsu, wala Toshikatsu hakumwona yeye, na hilo lilimpa ujasiri.

“Toshi! Ni nani?”

Upande wa pili yalisikika maji tu.

“Chizuru, tafadhali. Kuna watu.”

“Ulipomleta hapa hukuona watu?”

“Mjibu mkeo, kijana,” mzee Genzo alisema. “Mimi sikio moja ni kiziwi, na hili lingine nitalizamisha majini.”

Bibi alicheka. Chizuru hakucheka.

“Ni mtu wa ofisini,” Toshikatsu alisema hatimaye. “Anaitwa Misuzu. Yameisha, Chizuru. Nakuapia, yameisha.”

“Lini?”

“Vuli hii iliyopita.”

“Na uhamisho ukaja lini?”

Chizuru alikuwa ndani ya maji ya moto mpaka mabegani, lakini alihisi baridi.

“Toshi, nani aliomba uhamisho?”

“Mimi.”

“Sikusikia.”

“Mimi! Niliomba mwenyewe. Meza yake inatazamana na yangu, kila siku namwona. Nilitaka tuanze upya, mimi na wewe, mbali. Nimekuchagua wewe, huoni?”

“Ukaniambia ni amri kutoka juu.”

“Ungekubali ningekwambia ukweli?”

“Kwa hiyo mimi nifunge saluni yangu, nihame mji, niache wateja walionilea, ili wewe usitazamane na meza ya mtu?”

Hata mzee Genzo utani ulimwishia.

“Unalia?” Toshikatsu aliuliza kwa sauti ndogo.

“Nalia! Na bado nakupenda, mjinga wewe. Hilo ndilo linalonitia hasira.”

Bibi wa Kobe alisogea, akamshika bega, akamwacha alie.

*

Aliporudi chumbani, meza ilikuwa imeondolewa na magodoro mawili yametandikwa sambamba juu ya mikeka. Mama mwenye nyumba mwenyewe alikuwa amepiga magoti hapo, Kinue nyuma yake, paji la uso limegusa sakafu.

“Kosa ni letu. Tumemuumiza mgeni ndani ya nyumba yetu. Chumba kingine kiko tayari, mama akikitaka.”

“Inuka, mama. Mpishi wako asigombezwe. Mwaka huu mzima ni yeye peke yake aliyeniambia ukweli.”

“Na chumba?”

“Mpeni huyo.”

Toshikatsu alikuwa amesimama mlangoni, nywele zinachuruzika. Kabla hajafungua mdomo, simu ya Chizuru ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Satsuki, msaidizi wake wa saluni.

“Dada, yule anayenunua viti na vioo anataka kuja kesho avichukue. Nimwambie nini?”

Chizuru hakuandika jibu. Alipiga.

“Satsuki, usimpe hata kiti kimoja.”

“Kwani vipi, dada? Si mnahamia Fukuoka?”

“Shemeji yako ndiye anayehamia.” Alimtazama Toshikatsu usoni alipokuwa anasema hayo.

“Peke yake?”

“Peke yake. Mimi Jumatatu nafungua.”

“Dada, uko salama kweli?”

“Siko salama. Nani ana zamu ya kwanza Jumatatu?”

“Hakuna mtu. Tuliwaambia wateja wote tunafunga.”

“Basi nitakaa nimngoje atakayekuja.”

Alikata simu. Mama mwenye nyumba na Kinue walikuwa wameshatoka kimya kimya. Toshikatsu akapiga magoti pale pale penye mlango.

“Na mimi, Chizuru? Nikija Osaka?”

“Ukija saluni nitakukata nywele.”

“Nauliza nyumbani.”

“Najua unachouliza. Sijui, Toshi. Ningejua ningekwambia, maana mimi sikufichi. Nenda Fukuoka uliyoiomba. Ukae na ulichokifanya, bila mimi wa kukupikia na kukusahaulisha. Halafu tutaona kama kuna cha kuongea.”

“Nisamehe.”

“Usiku mwema.”

Toshikatsu alichukua mto wake, akamfuata Kinue aliyekuwa anamngoja barazani. Nyayo zao zilipopotea, Chizuru alishika godoro la mumewe, akalikunja mara tatu, akalibeba mwenyewe mpaka kabatini. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Alilisukuma kwa goti mpaka likaingia lote, akaufunga mlango wa kabati.